Tunaililia Berlin, tunauza Tarime

Nilikwenda Tarime kwenye msiba wa shangazi. Siku ya nne, wageni wamepungua na viti vya kukodi vimerudishwa mjini, nikamuuliza baba mdogo kigoda cha babu kiko wapi. Sikuwa na ajenda yoyote, nilitaka tu pa kukaa. Baba mdogo akatazama chini. Mwanawe, ambaye mimi na yeye tumelingana umri, akacheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Kile kigogo? Kilishauzwa, kaka. Alikuja jamaa na pikipiki."

Shilingi 25,000. Hiyo ndiyo bei.

Kwa msiokijua, kilikuwa kigoda cha gogo moja, miguu mitatu, cheusi kwa moshi na mafuta ya miili ya watu. Babu alikirithi kwa baba yake. Alikikalia siku zile tu ambazo watu walikuja na kesi: ng'ombe wa nani wamekula shamba la nani, mpaka uko wapi, mahari imebaki ng'ombe wangapi. Siku nyingine alikalia kiti cha kawaida kama watu wote. Mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Mimi nilichapwa mara mbili kwa ajili yake na mara ya pili nilistahili.

Nikamwomba binamu anisimulie yule jamaa wa pikipiki alivyokuwa, na ninaomba usome sehemu hii polepole. Jamaa hakutaka vitu vipya. Binamu alimletea vibuyu vilivyopambwa vizuri, akavisukuma pembeni. Kigoda alikigeuza chini juu, akapitisha kidole kwenye miguu, akakinusa. Alitaka kuhakikisha kimekaliwa na watu kweli. Akauliza kama kuna ngao. Akauliza kama kuna litungu la zamani, si haya ya kupigia watalii. Akauliza kama mzee aliacha "vitu vya mila". Akapiga picha kwa simu, akamtumia mtu, akasubiri jibu chini ya mwembe akinywa maji yetu. Jibu likaja, akalipa, akafunga kigoda nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaondoka.

Hakuandika jina la mtu yeyote. Hakuuliza kigoda kilikuwa cha nani.

Sasa ngoja niwaambie aibu yangu. Wiki mbili kabla ya msiba huo nilikuwa mtandaoni nawatukana Wajerumani. Kama wewe ni kijana msomi wa Dar, Mwanza au Arusha, labda tulikuwa wote. Warudishe vitu vyetu! Warudishe mjusi wa Tendaguru! Warudishe mafuvu! Nilipata sifa nyingi siku ile. Na wakati nazihesabu zile sifa, kigoda cha babu yangu kilikuwa kimeshaondoka, na mimi, mwandishi wa habari, mtetezi wa urithi wa taifa, sikujua.

Nisieleweke vibaya. Madai ya Berlin ni ya haki na yaendelee. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba vitu vinavyokusanywa makoloni na misafara iliyolipiwa na serikali vipelekwe kwanza Berlin. Huo haukuwa wizi wa kuparamia dirisha usiku, ulikuwa wizi wenye mhuri. Jumba la makumbusho la ethnolojia la Berlin lina vitu takriban 10,000 kutoka nchi hii. Kuna mifupa ya watu pia: mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho hayo ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, yapatayo 200 yakiwa ya Tanzania, na vipimo vya vinasaba vikawaonyesha ndugu walio hai huku nyumbani. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier akaja Songea kuomba msamaha kwa yaliyotendeka wakati wa Majimaji. Na sisi wa Mara hatukusahauliwa: Wajerumani walikuwa na ngome yao Ikoma, na ofisa wao Max Weiss alichapa kitabu mwaka 1910 ambamo Wakurya wameelezwa mavazi, nyumba na silaha zao, kama mtu anavyoeleza ndege.

Lakini angalia jambo moja. Tunajua viko Berlin kwa sababu Mjerumani aliandika. Alipochukua alibandika namba, akaweka kwenye daftari la mapokezi, mwaka, jina la ofisa, mahali. Daftari la mwizi ndilo leo linatupa ushahidi wa kumdai mwizi! Huyu wa pikipiki ni mjanja kuliko ofisa wa Kaiser. Yeye haandiki.

Na ukitaka kujua kitu kisichoandikwa kinarudije, jibu ni kwamba hakirudi. Tazama vile vilivyorudi.

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yaliibiwa vitu 17, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kinyago hicho kikanunuliwa kwa mfanyabiashara wa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Enzo Bassani, akakitambua. Angalia hapo: akakitambua, maana kilikuwa na kumbukumbu kwamba kiliwahi kuwa mali ya makumbusho. Hata hivyo mazungumzo yalikwenda taratibu kama konokono, na kinyago kilikabidhiwa Tanzania mwezi Mei mwaka 2010. Miaka 26 tangu kiibwe. Hicho ni kitu kilichokuwa ndani ya jengo la serikali, chenye namba. Kigoda cha babu kitachukua miaka mingapi?

Tuvuke mpaka kidogo. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki. Kigango hakiuzwi, hakihamishwi, kinasimama pale mpaka kioze, kwa sababu kile ni mtu. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vikaibiwa. Mwaka 1999 Udvardy akiwa kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani akaona picha zilizoonyeshwa na mwenzake Linda Giles za vitu vilivyoko kwenye makumbusho ya jimbo la Illinois. Mle ndani kulikuwa na kigango kimoja cha yule mzee! Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vikarudi kwa familia.

Mamia ya vigango yalifika Marekani. Hivi viwili vilirudi mapema kwa sababu ya picha moja. Sheria kali haikuwa na kazi hapo, wala hotuba ya waziri. Ni picha, na mtu aliyeikumbuka.

Sasa rudi Tarime uniambie: kuna nani mwenye picha ya kigoda cha babu? Familia yetu nzima, watu zaidi ya sitini, tuna simu za kupigia picha chipsi na kucha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukipiga picha kile kigoda. Nimepekua. Kipo kwenye picha moja ya mwaka 1994, kona ya chini, nusu mguu, nyuma ya mbuzi.

Watu wanaofuatilia biashara hii wanajua mnyororo wake ulivyo, na si siri kubwa. Mnunuzi wa kijijini anamuuzia wa mjini, wa mjini anamuuzia mwenye duka la sanaa kwenye jiji kubwa, mwenye duka anamuuzia mgeni au wakala wa Ulaya. Kila hatua bei inapanda na habari inapungua. Mkono wa kwanza bado unajua kijiji. Mkono wa pili unajua wilaya. Wa tatu anajua kabila tu. Halafu huko mbele habari inaanza kuongezeka tena, safari hii ya uongo: "kutoka familia ya mmisionari", "kilikusanywa miaka ya 1950". Mwisho kinawekwa chini ya taa na kibandiko kidogo: Wakurya, Kenya au Tanzania.

Hiyo "au" ndiyo inaniuma. Sisi Wakurya tuko pande zote za mpaka, Sirari na Isebania, ndugu wamegawanywa na geti. Kwetu ni kero ya kila siku ila kwa mfanyabiashara ni neema. Kenya itasema hiki cha Tanzania, Tanzania itasema hiki cha Kenya, na kila serikali itamwachia mwenzake barua aiandike. Kitu chenye "au" hakina mdai.

Najua tayari kuna msomaji ameshaandaa hoja yake. "Lakini binamu yako aliuza mwenyewe. Hakuibiwa. Mtu mzima kauza mali yake kwa hiari, tatizo liko wapi?" Hoja hii nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kwanza, haikuwa mali yake. Babu mwenyewe asingeweza kukiuza. Alikuwa anakishika tu kwa niaba ya wale waliomtangulia na watakaofuata, kama mweka hazina wa msikiti au kanisa anavyoshika funguo za sanduku. Mweka hazina akiuza sanduku kwa hiari yake tunamwita mwizi, na aliyenunua akijua tunamwita mwizi mwenzake. Na jamaa wa pikipiki alijua. Mtu anayeuliza "mzee aliacha vitu vya mila?" anajua kabisa anachokitafuta na kwa nini anamuuliza kijana na si mzee.

Pili, hiari gani? Binamu alikuwa anadaiwa ada ya mtoto. Ukimpa mtu mwenye dhiki shilingi 25,000 kwa kitu ambacho wewe unajua thamani yake na yeye hajui, usiite hiyo biashara huria. Mimi kwa umri wangu nimeona wazee wakiuza viwanja vya mjini kwa bei ya baiskeli, na leo sote tunasema walidhulumiwa. Kwa kiwanja tunaona dhuluma, kwa kigoda tunaona hiari.

Tatu, na hili ndilo linanihusu mimi na wewe: binamu aliuza kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kile kitu kina maana. Sisi tuliosoma ndio tulitakiwa kumwambia. Mimi nilipokuwa chuo nilisoma habari za sanamu za shaba za Benin, nikazijua mpaka mwaka zilipoibiwa, 1897. Habari za kigoda nilichochapwa kwa ajili yake sikusoma popote, wala sikumuuliza babu hata swali moja. Alifariki nikiwa nasubiri likizo ndefu ndio niende nikamhoji vizuri. Kwa hiyo tukigawana lawama, binamu achukue robo.

Baada ya msiba niliamua kutorudi Dar moja kwa moja. Nikapanda gari la kwenda Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo. Ukipita Nyamongo unaona mgodi wa North Mara: uzio, malango, taa, walinzi, magari. Dhahabu ya pale inapimwa na inaandikwa. Watu wamekufa kwa kugombea mawe ya pale, na hayo ni maandishi ya siku nyingine. Ukiendelea unaingia Serengeti, na huko tembo wanahesabiwa kwa ndege, faru wanafuatwa mmoja mmoja kama watoto wa rais. Ukikutwa na jino la tembo unasomewa mashtaka ya kukutwa na nyara za serikali, na hukumu za miaka 20 jela si habari ya ajabu. Vizuri kabisa. Dhahabu ilindwe na tembo alindwe.

Ila katikati ya dhahabu na tembo wapo watu. Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme, Wakurya, Watatoga. Hao na vitu vyao havihesabiwi na ndege yoyote.

Nitatoa mfano mmoja tu, na nitautoa kwa nusu, sababu utaiona mbele. Waikoma wana meno ya tembo wanayoyaita Machaba. Kwa simulizi zao yalitokana na mtabiri wa Kitatoga, na yanahusu usalama na uzazi wa kabila zima. Hayo si mapambo wala hayakuwindwa kwa ajili ya kuuzwa. Sasa fikiria kitu kama hicho kwa macho ya watu watatu. Askari wa wanyamapori anaona nyara za serikali. Jamaa wa pikipiki anaona fedha, tena mara mbili, ndovu na ukale pamoja. Muhubiri anaona mapepo. Anayeona Machaba ni Mwikoma peke yake, na vijana wa Kiikoma siku hizi wako Mwanza wanaendesha bodaboda.

Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kwa sifa gani? Za asili tu: mandhari na wanyama. Jirani yake Ngorongoro mwaka 2010 iliongezewa sifa ya utamaduni, Serengeti haijaongezewa. Wakati ndani ya mipaka yake kuna mahali kama Nyiberekira, ambako Waisenye wanasema ndiko walikotoka na ndiko walikokuwa wakifanya matambiko. Kwenye vitabu vya watalii pale ni nyika tupu iliyojaa nyumbu. Ukishamwambia dunia kwamba mahali hapajawahi kuwa na watu, usishangae dunia ikichukua vitu vya hao watu kama vile imeokota.

Nimemtaja muhubiri na sitamruka, ingawa najua nitapata barua. Kuna wahubiri ambao wakifika kijijini jambo la kwanza ni kuwaambia watu walete "vitu vya babu" vichomwe. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, ninaimba kwaya nikipata nafasi. Lakini naomba mnisaidie: kigoda cha kusuluhishia kesi ni pepo gani? Litungu lenye nyuzi nane lina pepo kwenye uzi wa ngapi? Na jambo ambalo nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja, na nalisema kama tetesi tu, ni kwamba si kila kinachopelekwa kwenye moto huwa kinafika motoni.

Sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964 na ikarekebishwa mwaka 1979. Kitu kilichotengenezwa na mtu hapa kabla ya mwaka 1863 ni cha kale moja kwa moja. Milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 imetajwa kwa jina, ndiyo ile milango mnayopigia picha Bagamoyo. Vitu vya jamii vilivyotengenezwa baada ya 1863 navyo sheria inavitambua, na kutoa nje vitu vinavyolindwa kunahitaji kibali. Kwa karatasi tuko vizuri kuliko nchi nyingi.

Nikaenda ofisi moja ya serikali kumuuliza mtu anayehusika na utamaduni. Sitataja wilaya wala cheo, kwa sababu yule bwana alinipokea vizuri na tatizo si lake peke yake. Nikamuuliza kama kuna orodha ya vitu vya mila vilivyopo vijijini kwake. Akafungua kabati. Kulikuwa na jalada la vikundi vya ngoma, namba za simu za viongozi wao, na ratiba ya Mwenge.

"Orodha ya vitu?" akauliza. "Vya nini?"

"Vya watu. Vigoda, ngao, malitungu."

Akafikiri. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Mwandishi, hapa sina hata mafuta ya pikipiki."

Tukacheka wote wawili. Mwenye mafuta ya pikipiki ni yule mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaiandika kwenye khanga na kuisahau. Mimi ninachodai si makumbusho mapya wala kamati ya kitaifa wala semina ya siku tatu yenye posho. Ninadai daftari. Kaunta buku ya shilingi elfu kadhaa na simu ya mkononi, kila ukoo. Kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, urefu wake, kovu lake, kilikuwa cha nani kabla ya nani, nani anakishika leo. Picha ya mbele, ya nyuma, ya chini, na ya ile alama ambayo hakuna kigoda kingine kinayo. Dunia ina utaratibu wa kueleza vitu namna hii, unaitwa Object ID, upo tangu miaka ya 1990, na unaingia kwenye ukurasa mmoja. Interpol walitoa programu ya simu mwaka 2021, ID-Art, unaweza kuhifadhi humo picha na maelezo ya vitu vyako, na unaweza kutafuta kama kitu kimeripotiwa kuibwa. Polisi wa nchi nyingine hawezi kukamata "kigoda cha babu". Anaweza kukamata kigoda chenye ufa uliofungwa waya mguu wa kushoto, kama ufa huo umeandikwa mahali.

Mtaniambia wazee wa Mara hawana utamaduni wa kuandika. Uongo mtupu! Kuna wazee wa Mara walioandika historia za makabila yao kwa mkono wao, miaka mingi, bila kulipwa na mtu. Mtafiti Jan Bender Shetler alikusanya maandishi ya namna hiyo na yakachapwa kitabu mwaka 2003. Kilichapwa wapi? Leiden, Uholanzi, na kampuni ya Brill, ambao bei za vitabu vyao kama hujawahi kuziona basi usizitafute ukiwa na presha. Kwa hiyo historia iliyoandikwa Mugumu inasomwa Ulaya, na mtoto wa Mugumu anafundishwa kwamba bibi zake hawakuandika kitu.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi. Kuna mzee mmoja Serengeti niliyemweleza habari za daftari akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Mjukuu, na daftari hilo akilisoma mwizi?"

Nilibaki mdomo wazi. Mzee alikuwa ameona kwa dakika kumi kitu ambacho mimi sikukiona kwa wiki. Orodha ya vitu vya thamani na mahali vilipo ni ramani ya mwizi. Ndiyo maana kuhusu Machaba nimeandika kile tu ambacho tayari kimo vitabuni, na mahali sikutaja wala sikuuliza. Kwa hiyo kijana mwenzangu ambaye umeshashika simu tayari kwenda kijijini kwenu kupiga picha urushe mtandaoni na ramani yake: tulia kwanza. Na kuna vitu ambavyo si vya kupigwa picha kabisa. Wakurya tuna inchama, baraza la wazee ambalo mambo yake ni ya humohumo, na hakuna daftari la kijana wa Dar linalotakiwa kuingia pale. Wazee ndio waamue kipi kiandikwe na kipi kibaki vichwani.

Kwa vile vinavyoandikika, nakala moja ikae kwa ukoo, nyingine ifungwe kwenye bahasha na kuwekwa mahali penye kufuli pa kuaminika. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yapo Butiama, mkoa huuhuu, tangu 1999, chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwa nini yasiwe mahali pa kutunza bahasha hizo? Vitu vyenyewe vibaki nyumbani vikitumika. Sitaki kigoda kikae kwenye kioo, kigoda ni cha kukaliwa. Bahasha ifunguliwe siku kitu kitakapopotea, na siku hiyo iende polisi, Interpol na Makumbusho ya Taifa kwa pamoja, kabla pikipiki haijafika mjini.

Atakayesema gharama, nimeshasema kaunta buku. Atakayesema wataalamu, wenye utaalamu ni wazee na wanakufa. Msiba wa shangazi ulikuwa wa tatu mwaka huo kwenye ukoo wetu, na kila msiba tunazika mtu mmoja ambaye alikuwa anajua kitu fulani kilikuwa cha nani. Halafu baada ya wiki mbili anakuja mtu na mpira wa kufungia.

Nimeanza la kwetu. Ukurasa wa kwanza umechelewa lakini nimeujaza kwa kuwauliza wazee watatu na binamu, ambaye aliona haya mwanzoni, kisha akakumbuka kuliko wote, maana ndiye aliyekibeba mara ya mwisho:

Kigoda. Gogo moja, miguu mitatu. Urefu kama shubiri moja na nusu. Sehemu ya kukalia ni ya mviringo, imezama katikati. Ufa mmoja kutoka ukingoni kwenda katikati, umeshonwa kwa waya wa shaba, mishono minne, wa mwisho umelegea. Mguu mmoja umeungua chini, kilipoangukia jikoni mwaka wa njaa. Kilikuwa cha baba wa babu, kabla yake hatujui. Kimeuzwa Tarime, shilingi 25,000, kwa mtu asiyefahamika. Hakuna picha.

Ukurasa wa pili ni litungu la baba mdogo. Hilo lipo. Nimelipiga picha sita, na ya saba ya chini ambako kuna alama ya kisu. Nyuzi nane, mmoja umekatika. Baba mdogo alipoona naandika "umekatika" akaninyang'anya kalamu, akasema ningoje, akaingia ndani kutafuta uzi.